Bamvua Mtaani kwa Bi Ernestine

Latrice alifunga sanduku lake mara mbili wiki ile, na mara zote mbili mama yake alilifungua, akazirudisha nguo kabatini moja moja, akizikunja vizuri kuliko zilivyokuwa. Hawakugombana. Bi Ernestine Manigault hakuwa mtu wa kugombana na binti mwenye mimba ya wiki thelathini na sita. Alisema tu kwamba Columbia ni mbali, saa mbili kwa gari, na kwamba huko kwa wifi yake Latrice hakuna atakayejua kumpikia supu ya bamia jinsi anavyoipenda.

"Mtoto wa ukoo huu azaliwe Columbia," alisema, "kwani kaua mtu huku?"

Latrice alicheka, na kwa kuwa alicheka, alishindwa. Lakini hofu haikumtoka. Alikuwa amebandika ubavuni mwa friji karatasi yenye saa za maji kujaa na kupwa kwa mwezi mzima wa Novemba, na siku ya Jumanne ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu. Bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka, redio ilisema. Maji yangefika kilele saa nne na robo asubuhi, na kama mvua nayo ingenyesha saa hizo hizo, basi nusu ya Charleston ingegeuka bwawa. Mtaa wa Gadsby, walikokaa wao, ulikuwa chini kuliko mitaa yote ya upande ule. Darnell, mume wa Latrice, alisema mara moja tu kwamba ingefaa waondoke. Alikuwa akiishi nyumbani kwa mama mkwe wake, na mtu aliye nyumbani kwa mkwe hasemi jambo mara mbili.

Bi Ernestine alizaliwa katika chumba cha mbele cha nyumba ile, miaka sitini na mitatu iliyopita. Aliuongelea mji kama ndugu wa damu. Akiamka akaona ukungu, husema Charleston leo ana mafua. Mwaka uliopita alikuja bwana mmoja wa serikali ya mji, amevaa viatu vizuri, akamweleza kwamba wako tayari kuinunua nyumba na kuibomoa, maana kila mwaka inaingia maji na hakuna kampuni itakayoikatia bima tena. Bi Ernestine alimpa kiti barazani, akamletea chai ya barafu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mgeni akizidi kuja," alimjibu, "mwenye nyumba hahami."

Jambo ambalo hakumwambia bwana yule, wala binti yake, ni kwamba alikuwa akiyapima maji. Kila yalipoingia uani alichora alama ya penseli kwenye nguzo ya ngazi za nyuma, na kila alama ilikuwa juu ya ile iliyotangulia. Mwezi wa Septemba alama ilifika ngazi ya nne kati ya tano. Bi Ernestine aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha alichukua kitambaa chenye sabuni akazifuta zote, akihofia Latrice asije akaziona.

*

Jumanne kulipambazuka jua. Darnell alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kazini ng'ambo ya mto Cooper, kwenye bandari ya makontena anakoendesha winchi. Bi Ernestine alikoroga uji mzito wa mahindi, akaukaangia kamba kwa siagi, akamwita Latrice mezani. Walikula huku madirisha yakiwa wazi. Bi Ernestine aliionyesha mbingu kwa kijiko, kama wakili anayeonyesha ushahidi.

Saa tatu maji yakaanza kutoka. Hakukuwa na tone la mvua. Yalitoka chini, kupitia mifereji, yakibubujika polepole katikati ya barabara kama chungu kinachotaka kuchemka. Yalikuwa maangavu, yenye chumvi, na samaki wadogo walionekana wakipita mbele ya lango. Latrice alisimama barazani ameshika kiuno, akasema hajawahi kuyaona mapema hivi. Mama yake alimwambia aingie ndani aketi.

Saa tatu na nusu mawingu yalipanda kutoka baharini, na mvua ikamwagika yote kwa pamoja. Maji ya juu yakakosa pa kwenda kwa sababu ya maji ya chini. Magari mawili yaliyoegeshwa mtaani yakaanza kulia honi yenyewe. Bi Ernestine alikwenda kuziangalia ngazi za nyuma na kuziona zote tano zimemezwa. Alisimama pale jikoni, mkono mdomoni, akayatazama maji yakipenya chini ya mlango na kueneza weusi wake kwenye sakafu aliyoipiga deki jana.

Ndipo aliposikia akiitwa. Latrice hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama. Njoo uone. Haya si maji."

Alikuwa amesimama chooni, na damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Haikuwa damu ya uchungu wa kawaida. Bi Ernestine alizaa watoto watatu na kumzika mmoja, na alijua damu inavyotakiwa kuwa. Hii ilikuwa nyingi na nyekundu sana. Tumbo la Latrice, alipoligusa, lilikuwa gumu kama ubao na halikulegea.

Dada aliyepokea simu ya dharura alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomtisha Bi Ernestine. Alisema magari mawili ya wagonjwa yamekwama majini upande ule ule, na kikosi chenye mashua kiko mbali kinawatoa wazee. Aliuliza kama wanaweza kufika Mtaa wa King, maana ule uko mwinukoni na ni mkavu; gari lingewangoja pale. Alisema wasichelewe.

"Ni njia panda sita, mwanangu," Bi Ernestine alimwambia. "Maji yako kiunoni."

"Najua, mama," dada yule alisema. "Lakini msichelewe."

*

Katika mtaa wote kulikuwa na chombo kimoja tu kinachoelea, nacho kilikuwa kwa Bwana Hale. Mzungu huyu alikuwa ametoka Ohio miaka miwili nyuma, akainunua nyumba ya marehemu Cephus, akaipaka rangi ya kijivu. Kiangazi kilichopita, wanakwaya wa kanisa walipokuwa wakiimba uani kwa Bi Ernestine baada ya kula kaa na wali mwekundu, Hale aliwaitia polisi kwa sababu ya kelele. Askari wawili walikuja wakamwomba mwanamke wa miaka sitini na mbili kitambulisho, katika ua aliozaliwa, mbele ya mchungaji wake. Tangu siku hiyo Bi Ernestine hakumsalimu Hale. Alikuwa ameapa kwamba mguu wake hautakanyaga baraza lile.

Alivuka mtaa akiwa amekunja gauni mpaka kiunoni, akapanda barazani kwa Hale, akabisha kwa ngumi. Hale alifungua mlango akiwa na ndoo mkononi. Naye alikuwa anachota maji.

Bi Ernestine alikuwa amepanga kusema kwa heshima. Maneno yalimtoka vingine.

"Binti yangu anatoka damu. Naomba mtumbwi wako."

Hale aliitazama miguu yake, akaitazama nyumba ya ng'ambo. Alikiri kwamba mtumbwi ameutumia mara mbili tu na hajui sana kuuendesha. Bi Ernestine alimwambia hakuna haja ya kujua, mtumbwi utavutwa kwa kamba. Hale aliitupa ndoo palepale.

Walimlaza Latrice chali ndani ya mtumbwi wa plastiki, juu ya mablanketi, mto chini ya magoti, na pazia la bafuni likawekwa juu yake kumkinga mvua. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya majivu. Hale alijifunga kamba kiunoni, akaanza kuvuta kuelekea katikati ya barabara, palipoonekana peupe.

"Simama," Bi Ernestine alisema. "Usipite hapo."

Mvua ilikuwa imeyachafua maji yale maangavu, mtu haoni hata goti lake. Na chini, katikati ya barabara, kulikuwa na mashimo ya maji taka. Bamvua likisukuma kwa nguvu kutoka chini, vifuniko vya chuma huinuka na kwenda zake. Mbwa wa marehemu Cephus alipotelea katika shimo namna hiyo, na hakuonekana tena. Hale hakulijua hilo. Hale alijua barabara kwa juu. Bi Ernestine aliijua kwa chini, kwa sababu kwa miaka ishirini, kila redio iliposema mvua, alitoka na reki kuzoa majani kwenye mifereji ambayo watu wa mji hawakuja kuisafisha.

Alichukua ufagio barazani, akaugeuza, mpini ukawa chini. Akatangulia.

Walikwenda hivyo: mwanamke mbele akichoma maji kwa mpini, mwanamume nyuma akivuta, na mtumbwi nyuma yake. Bi Ernestine alisema kwa sauti kila alichokijua, ili asifikirie kitu kingine. Hapa kuna mzizi wa mwaloni, inua mguu. Hapa mfereji, pita kulia kwangu. Kwenye njia panda ya pili mpini ulizama wote, mkono wake ukafuata mpaka begani, na akahisi maji yanamvuta chini kama mtu aliyemshika kiganja. Hale alimkamata kola ya gauni. Walisimama wakihema, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya polisi. Wakazunguka kupitia ua wa kanisa.

Mpaka njia panda ya tatu Latrice alikuwa akigumia. Baada ya hapo alinyamaza. Bi Ernestine alimwita kwa jina la utotoni.

"Tutu. Sema kitu."

"Nasikia baridi, Mama."

"Sema kingine."

Latrice hakusema kingine. Bi Ernestine hakugeuka nyuma, maana akigeuka mpini ungekosa barabara. Aliutazama mtaa mbele yake, mabaraza yale, mialoni yenye majani ya kijivu yaning'iniayo kama ndevu, duka la kona alikonunua peremende akiwa na senti tano, na kila kitu kilikuwa pale pale kilipokuwa siku zote, kimetulia ndani ya maji, kikimwangalia. Moyo wake ulifanya kitu ambacho haujawahi kufanya. Uligeuka. Aliitazama Charleston kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemkuta na kisu mkononi.

Kwenye njia panda ya tano maji yalishuka hadi magotini. Kwenye ya sita yalikuwa ya vifundo, na taa za gari la wagonjwa zilikuwa zikizunguka mvuani.

*

Hospitalini walimkimbiza Latrice ndani, milango ikafungwa. Nesi mmoja alisema maneno mawili kabla ya kupotea: kondo la nyuma limebanduka, wanampasua sasa hivi.

Bi Ernestine alibaki ukumbini, tope mpaka kifuani, kiatu kimoja. Alipotaka kuketi, msichana wa mapokezi alimwomba asubiri kidogo kwa sababu viti ni vya kitambaa. Alikwenda akaleta mfuko mweusi wa taka, akautandika kitini. Hakufanya kwa ubaya. Bi Ernestine alishukuru, akaketi juu ya mfuko wa taka katika mji wake, na kila alipotetemeka mfuko ulilia.

Darnell alifika baada ya saa nzima. Daraja lilikuwa limefungwa upande mmoja. Aliliacha gari akakimbia. Alisimama mbele ya mama mkwe wake na jaketi lake la kazi.

"Alitaka kuondoka," alisema. "Wewe ndiye uliyemwambia abaki."

"Ni mimi."

Darnell alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alipoukosa, hakujua afanye nini na mikono yake. Akaenda kusimama dirishani, akampa mgongo.

Daktari alitoka karibu saa saba. Alikuwa mwanamke mfupi, kofia bado kichwani. Alisema mtoto ni wa kike, ana kilo mbili na robo, alichelewa kulia lakini amelia. Kuhusu mama yake hakuahidi kitu. Walimwongezea damu mifuko sita. Alisema saa zijazo ndizo zitakazosema, na kwamba wangechelewa dakika kumi zaidi, asingekuwa na habari ya kuwaletea.

Saa zile zilikuwa ndefu. Bi Ernestine hakuomba Mungu kwa maneno, aliogopa maneno yake. Kila kiatu kilichosikika koridoni kilimwinua kitini. Jioni Darnell alimletea kahawa, akaiweka karibu naye bila kumtazama, na lile lilikuwa jambo kubwa.

*

Latrice alifumbua macho kesho yake mchana. Midomo ilikuwa imepasuka. Alimtazama mtoto aliyewekwa kifuani pake, akamtazama mumewe, kisha akamtafuta mama yake kwa macho na kumkuta ameketi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kama mgeni.

"Mama, mbona uko mbali?"

Bi Ernestine alisogea. Alisema yote. Alisema juu ya alama za penseli, jinsi zilivyopanda, na jinsi alivyozifuta mwezi wa Septemba. Darnell alisikia, akaondoka chumbani.

"Ulikuwa unajua," Latrice alisema.

"Nilikuwa najua."

"Na ukanipikia supu."

Bi Ernestine alikubali kwa kichwa.

"Uliogopa nini, Mama? Mimi niliogopa maji. Wewe uliogopa nini?"

Bi Ernestine aliutafuta ukweli, akaupata mahali asipopenda.

"Kuwa mtu wa kutoka mahali ambapo hapapo tena," alisema. "Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo miaka yote. Lakini jana, uliponyamaza, niliingiwa na nyingine. Niliona nikikupoteza, nitauchukia mji huu. Na nikiuchukia, sina pa kukulilia."

Latrice hakumwambia kwamba amemsamehe. Alisema hatarudi Mtaa wa Gadsby na mtoto, hata kwa siku moja. Alisema wao wanatafuta nyumba bara. Kisha, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito wa mipira ya dripu, alimwomba mama yake amshikie mtoto.

*

Bi Ernestine alitia saini mwezi wa Januari. Bwana mwenye viatu vizuri alimwonyesha mahali, akapaonyesha tena, kama kwamba mama huyu hajui kusoma. Nyumba ilibomolewa kwa siku moja na nusu. Hakwenda kutazama.

Walihamia Summerville, mwendo wa dakika arobaini, mahali palipo na misonobari na barabara mpya. Darnell alimtengea mama mkwe wake chumba chenye dirisha kubwa. Bado hawakuzungumza sana, lakini jioni alimwachia mtoto amlaze. Kulikuwa kukavu. Mvua ilinyesha na maji yakaondoka, bila kuuliza. Hata hivyo Bi Ernestine hakuzoea. Mara ya kwanza iliponyesha sana alimbeba mtoto mchana kweupe akampandisha juu ya meza ya jikoni, akasimama kumlinda mpaka Latrice aliporudi kutoka dukani na kuwakuta hivyo, sakafu kavu kabisa.

Mwezi wa Machi redio ilitaja bamvua. Bi Ernestine alisubiri chakula kiishe. Baadaye alikwenda barazani na simu, akabonyeza namba ambayo Hale alimwandikia siku alipokuja hospitalini na kiatu chake kilichopotea, kimeoshwa. Alimwambia maji yatajaa kesho saa tatu, alipandishe gari lake Mtaa wa King kabla ya hapo. Hale alisema atafanya hivyo. Akamwomba amsalimie mtoto. Baada ya hapo hakuna aliyekata simu.

"Sasa hivi maji yamepwa?" Bi Ernestine aliuliza.

"Yamepwa. Yako mbali."

"Fungua dirisha."

Alisikia dirisha likifunguliwa. Maji yakipwa huko, tope la vinamasi hubaki wazi juani na kutoa harufu ambayo wageni huizibia pua, na wenyeji wakiwa ugenini huikosa mpaka kifua kikauma.

"Unasikia tope?"

"Nasikia," Hale alisema. "Leo linanuka vibaya sana, Bi Ernestine. Kama yai bovu."

Bi Ernestine aliegemea nguzo ya baraza la watu wengine, akafumba macho.

"Mungu ashukuriwe," alisema. "Usifunge bado."